Msitu, Sabato na Jirani

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 2:8–15, Mwanzo 3:8, 1 Wafalme 19:3–15, Hosea 4:13, Warumi 1:20–25, Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Marko 6:30–44, Luka 10:25–37.

Fungu la kukariri: Marko 6:31, mwaliko wa Yesu kwa wanafunzi waliochoka.

Mwaka 1982 mkuu wa Idara ya Misitu ya Japani, Tomohide Akiyama, alibuni jina la zoezi ambalo leo limeenea katika nchi nyingi: shinrin-yoku, yaani kuoga msituni. Katika kuoga huku hakuna maji. Mtu anaingia msituni na kutembea polepole sana. Ananusa, anasikiliza, anagusa magome ya miti, anakaa kimya. Mara nyingi matembezi haya huwa na kiongozi. Huchukua saa 2 au 3, na katika muda huo wote kundi linaweza lisifikishe hata kilomita 2. Shabaha si kufika mahali, ni kutulia mpaka mwili na akili virudi katika hali yake.

Kwa Mwadventista habari hii haisikiki kuwa ngeni. Tangu utoto wetu kanisani tumefundishwa dawa 8 za asili: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula bora, maji na kumtumaini Mungu. Wengi wetu tumelelewa na matembezi ya Sabato alasiri, watoto wakitangulia mbele na wazee wakifuata taratibu. Hata hivyo, matembezi ya msituni yanatujia leo kwa sura nyingine. Mara nyingi ni huduma ya kulipia, na lugha yake wakati mwingine imechanganyika na imani ambazo si zetu.

Mfikirie ndugu anayeishi ghorofa ya nne huko Upanga, karibu na Barabara ya Umoja wa Mataifa. Siku 6 anasikia honi, jenereta na mashine za ujenzi. Rafiki anamwalika Sabato alasiri waende kwenye msitu wa Pugu, Kisarawe, kutembea na kiongozi. Je, aende? Na akienda akapata nafuu, anadaiwa nini, na anamdai nani? Maswali haya ndiyo tutakayoyachunguza juma hili.

JUMAPILI: Nyumba ya Kwanza Ilikuwa Bustani

Soma Mwanzo 2:8–15. Mungu aliotesha miti ya namna gani katika Edeni? Ni sifa ipi ya miti hiyo inayotajwa kwanza?

Musa anaeleza kwamba miti ya Edeni ilipendeza macho, kisha anaongeza kwamba ilifaa kwa chakula. Utaratibu huo unastahili kuangaliwa. Kama Mungu angetaka tu kumlisha mwanadamu, shamba lingetosha. Yeye alipanda bustani, na uzuri wake ulikuwa sehemu ya malezi ya mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kutazama miti ni kupoteza wakati hajajifunza hoja hiyo katika Maandiko.

Jiji letu lenyewe linakumbuka jambo hili kwa namna yake. Katikati ya Dar es Salaam, jirani na Makumbusho ya Taifa, ipo Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Iliwekwa ili kujaribu mimea ya biashara, kuona ni ipi ingestawi katika koloni na kuleta faida. Biashara ile imepita na watawala wale wameondoka, lakini kivuli kimebaki, na watu bado huingia humo kupumzika. Na kati ya Upanga na Kariakoo kuna eneo lililoitwa kwa jina la mti mmoja tu: Mnazi Mmoja. Waingereza walipotawala waliliacha wazi ili kutenganisha makazi ya Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu. Leo uwanja uliowekwa ili kutenganisha watu umekuwa mahali pa kukutana.

Sasa rudi kwenye fungu la 15. Adamu alipewa bustani pamoja na kazi mbili, kuilima na kuitunza. Hakupewa haki ya kufurahia bila wajibu. Zawadi na utunzaji vilitolewa katika siku zile zile, kabla dhambi haijaingia. Tutalirudia jambo hili siku ya Alhamisi.

Soma pia Mwanzo 3:8. Baada ya anguko, Adamu na Hawa wanajificha. Wanajificha wapi? Katikati ya miti ile ile ambayo Mungu alitembea ndani yake ili akutane nao. Kumbe miti inaweza kuwa mahali pa kukutana na Mungu, na inaweza kuwa mahali pa kumkimbia. Tofauti haiko kwenye miti.

Tafakari: Unapotafuta mahali patulivu, je, unatafuta kukutana na Mungu au unatafuta kutopatikana na mtu yeyote?

JUMATATU: Nabii Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:3–8. Mungu alimtendea nini Eliya kabla ya kumwambia neno lolote kuhusu kazi yake?

Eliya alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, lakini aliposikia tisho la Yezebeli alikimbia mpaka nguvu zikamwisha. Akaketi chini ya mti jangwani, akaomba afe. Tungetegemea Mungu amkemee kwa kukosa imani. Badala yake alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha tena ale. Usingizi, kivuli, chakula, maji, halafu safari ndefu ya miguu. Nusu ya dawa zetu 8 za asili ziko katika mafungu 5 tu.

Uchunguzi wa siku zetu unaelekea upande huo huo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha habari za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilala katika vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na nusu nyingine walitazama ukuta wa matofali. Wale walioona miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Mwaka 2019 utafiti mwingine wa karibu watu 20,000 nchini Uingereza ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa juma katika mazingira ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema, kuliko wale ambao hawakwenda kabisa. Dakika 120 ni alasiri moja ya Sabato.

Tuwe waaminifu tunaposimulia habari hizi kanisani. Utafiti wa wagonjwa 46 ni mdogo. Ule wa watu 20,000 hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyoleta afya, kwa maana mtu mwenye afya pia ndiye mwenye nguvu za kutoka nje. Si haki kumwambia mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu aache dawa zake kwa sababu amekwenda msituni. Na kama kuna ndugu kati yetu anayetamani kufa, kama Eliya alivyotamani, tusimpe ushauri wa matembezi peke yake. Tukae naye, tuhakikishe amekula na amelala, tumsindikize hospitalini. Malaika hakumwacha Eliya peke yake chini ya mretemu.

Upanga ina somo hili mlangoni pake. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iko humo humo. Ndugu wa mgonjwa anayesubiri saa ya kuona wagonjwa hutafuta kivuli cha mti bila kuambiwa na mtafiti yeyote. Anayempelekea chupa ya maji chini ya mti ule anafanya kazi ya malaika.

Soma 1 Wafalme 19:9–15. Mungu alimuuliza Eliya swali gani mara mbili, na mwishowe alimwagiza nini? Alimrudisha alikotoka. Pumziko la Mungu lina njia ya kurudi. Kama matembezi yako ya msituni yanakufanya uwachukie zaidi watu waliobaki mjini, kuna jambo halijakamilika.

JUMANNE: Kivuli Chema na Mungu Mwingine

Soma Hosea 4:13 na Warumi 1:20–25. Kwa nini watu wa Israeli walichagua kuabudu chini ya miti fulani? Kosa lao lilikuwa wapi?

Hosea anatoa sababu iliyo wazi: kivuli cha miti ile kilikuwa kizuri. Nabii hakisemi vibaya kivuli. Analaumu kile kilichofanyika chini yake. Watu walipokea kitu chema kutoka kwa Muumbaji, kisha wakapeleka ibada mahali pengine. Paulo anasema vivyo hivyo katika Warumi 1. Viumbe vinamtangaza Mungu waziwazi kiasi kwamba hakuna wa kujitetea, lakini mwanadamu anaweza kuvitazama na kuishia kuviabudu.

Baadhi ya waumini wetu wanauogopa msitu kwa sababu wanaijua historia ya kwao. Wamisionari wa kwanza wa Kiadventista, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walishuka Dar es Salaam mwaka 1903 na kwenda milima ya Upare. Huko walikuta koo zilizotunza misitu midogo ya matambiko, ambayo haikuruhusiwa kukatwa. Pwani nako, mbuyu mkubwa mara nyingi ulihesabiwa kuwa makao ya mizimu. Mtu aliyelelewa katika hofu hiyo, kisha Kristo akamweka huru, ana haki ya kuuliza maswali anapoambiwa akae kimya chini ya mti. Tusimcheke. Lakini tumwonyeshe pia kwamba kama Kristo amelishinda giza, basi mti umerudi kuwa mti, kazi ya mikono ya Baba yetu. Kuuogopa mti ni kuendelea kuupa heshima isiyo yake.

Mwaka huo huo wa 1903 kanisa lilipata jaribu kutoka upande wa pili. Daktari John Harvey Kellogg, mtu aliyefanya mengi kueneza ujumbe wetu wa afya, alitoa kitabu kilichofundisha kwamba Mungu yumo ndani ya viumbe kiasi cha kufuta tofauti kati ya Muumbaji na alichokiumba. Ellen White aliyapinga mafundisho hayo waziwazi. Hakuacha kwa sababu hiyo kuhimiza hewa safi, bustani na maisha ya nje. Mwaka 1905 alitoa kitabu chake cha huduma ya uponyaji, na ndani yake anawapeleka wagonjwa nje, kwenye jua na miti. Aliukataa uongo akabaki na miti. Na katika Njia Salama, sura ya kwanza inaanza na mambo ya uumbaji, lakini haiishii hapo. Inatupeleka kwa Kristo, kwa kuwa viumbe peke yake havitoshi kutuonyesha moyo wa Mungu.

Basi tufanye nini tunapoalikwa kwenye matembezi yenye kiongozi? Kutembea polepole si dhambi. Kunyamaza si dhambi. Eliya alisimama pangoni kimya. Kugusa gome la mti, kunusa udongo baada ya mvua, kusikiliza ndege, hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji imani nyingine. Lakini kama kiongozi atakuomba uuombe mti ruhusa, au uupe msitu shukrani, au ungojee ujumbe kutoka kwa roho ya mahali pale, umefika kwenye mpaka. Kipimo ni rahisi kukumbuka: shukrani ina anwani. Jiulize asante yako inakwenda kwa nani. Kumbuka pia kwamba katika 1 Wafalme 19 upepo, tetemeko na moto vilipita, na Bwana hakuwamo ndani yake. Vilikuwa kazi zake. Sauti yake ilikuja baadaye.

Tafakari: Ukimweleza jirani Mwislamu au Mkristo wa kanisa lingine kwa nini unakwenda msituni Sabato, utamweleza kwa maneno gani?

JUMATANO: Wewe na Aliye Ndani ya Malango Yako

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15. Nani wanatajwa katika amri hii, na ni sababu gani inayotolewa kuhusu mtumwa na mjakazi?

Amri ya Sabato katika Kutoka 20 inatukumbusha uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati inatukumbusha pia utumwa wa Misri. Mtumishi apumzike kama wewe, kwa sababu wewe nawe uliwahi kuwa yule asiyeruhusiwa kupumzika.

Chukulia mfano wa kundi la shule ya Sabato la watu 12 kutoka Upanga. Wamepanga kwenda Pugu Sabato alasiri. Wamefika, wametembea taratibu, wamesoma Zaburi ya 104, wamesali. Wanarudi jioni wakiwa na nyuso zilizotulia. Nyumbani kwa mmoja wao, dada wa kazi amesimama jikoni tangu saa nane akiandaa chakula cha wageni hao 12. Getini mlinzi hajabadilishwa tangu jana usiku. Dereva wa gari la kukodi amekaa saa 3 kwenye kiti chake, na hakuna aliyefikiri kumwalika atembee nao. Je, kundi hili limeitunza Sabato? Nusu ya amri wameishika vizuri sana. Nusu nyingine imebaki jikoni.

Mtu anaweza kujibu kwamba dada wa kazi si Mwadventista na hakuomba kwenda msituni. Lakini amri haiulizi imani ya mgeni aliye ndani ya malango. Inauliza kama amepumzika. Gharama ya kulitii jambo hili si kubwa. Chakula kinaweza kupikwa Ijumaa, siku ya maandalio. Kiingilio cha hifadhi nacho kinaweza kulipwa kabla ya jua kuzama Ijumaa, ili Sabato isiwe siku ya kutoa fedha mlangoni. Na dada wa kazi anaweza kualikwa akae garini pamoja na familia, akitaka. Asipotaka, alasiri ile iwe yake.

Upande wa pili wa Mnazi Mmoja iko Kariakoo. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, wapagazi waliwekwa eneo lile. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa njaa na magonjwa, wakibeba mizigo ya wengine. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mitaa yenye jina lao bado imejaa watu wanaobeba mizigo mabegani na kusukuma mikokoteni, na siku hizi biashara inaendelea hadi usiku. Amosi 8:5 inawataja wafanyabiashara walioiona Sabato kuwa kizuizi. Nasi tujiulize kwa upande wetu: Je, mwajiri Mwadventista mwenye duka Kariakoo anafunga Sabato na kuwalipa vijana wake mshahara wa siku hiyo, au anafunga na kuwakata? Pumziko linalomgharimu mfanyakazi peke yake ni pumziko la tajiri.

Soma Marko 6:30–44. Yesu aliwaalika wanafunzi wapumzike mahali pasipo watu. Kisha umati ukawatangulia. Tunasikitika kwa ajili ya wanafunzi, likizo yao imeharibika. Lakini angalia mwisho wa habari. Yesu anauketisha umati ule kwenye majani mabichi na kuwalisha. Mahali palipochaguliwa kwa ajili ya pumziko la watu 12 pakawa mahali pa pumziko la maelfu. Bwana hakuifuta likizo. Aliipanua.

ALHAMISI: Mto Utokao Pugu

Soma Luka 10:25–37. Mwanasheria aliuliza jirani yake ni nani. Yesu alilibadilishaje swali lake?

Tumeongea kana kwamba Upanga na Pugu ni sehemu mbili zisizohusiana, moja ya kuchokea na nyingine ya kupumzikia. Lakini kuna kitu kinachoziunganisha. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji, unavuka bonde la Jangwani, na kuingia baharini penye mikoko karibu na daraja la Salenda, ukingoni mwa Upanga. Mtu anayesimama darajani anatazama maji yaliyotoka kwenye vilima vile anakokwenda kupumzika.

Desemba 2011 maji hayo yalishuka kwa nguvu. Mafuriko ya mwezi ule yaliua makumi ya watu jijini na kuwaacha maelfu bila makazi, wengi wao wakazi wa mabondeni. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: mvua kubwa isiyo ya kawaida, nyumba zilizojengwa bondeni, taka zilizoziba mifereji. Lakini vilima vilivyovuliwa miti navyo havizuii maji. Msitu hupokea mvua kwenye majani, huipitisha kwenye mizizi, na kuiachia polepole. Ukiondolewa, mvua hushuka yote kwa mara moja pamoja na udongo.

Msitu wa Pugu na ule wa Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani. Baadhi ya mimea yake imepewa na wanasayansi jina la Pugu lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo ilipotambuliwa. Leo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Lakini kwa miaka mingi imekatwa, hasa kwa ajili ya mkaa. Na mkaa ule haukuliwa msituni. Ulipanda malori na baiskeli, ukaja mjini, ukapika maharage yetu.

Hapa ndipo dhamiri inapobanwa. Ni rahisi kumlaumu mchoma mkaa. Yeye ni maskini, watoto wake wanataka ada na chakula, na hana mtu wa kumpeleka matembezini. Nasi tunaotoka mjini tunaweza kuingia kwenye hifadhi, tukamsifu Mungu kwa uzuri wa miti, tukaona kisiki kibichi na kusikitika, kisha tukarudi nyumbani kwenye jiko lililowashwa na mti ule ule. Kuhani na Mlawi hawakumpiga yule mtu aliyeanguka njiani. Walipita upande. Swali la Yesu linatuuliza kama sisi tumekuwa jirani, na jirani yetu katika habari hii ni mama wa Jangwani ambaye maji yanaingia chumbani kwake usiku.

Jambo hili linaligusa kanisa kwa karibu. Kila mwaka tunafanya makambi, na makambi hulisha mamia ya watu. Serikali ilitoa agizo kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kutumia kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Gesi kwa sufuria za makambi ni gharama, na makanisa madogo hayana fedha nyingi. Lakini kama tunaweza kuchanga kwa ajili ya mahema na vipaza sauti, je, haifai baraza la kanisa lijadili pia jiko? Huenda huo ndio mti wa kwanza tutakaoutunza.

Majirani zetu wa Kenya wanajua kwamba msitu wa mjini haubaki wenyewe. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, Nairobi, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa kwa wajenzi. Walishambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Leo familia za Nairobi hutembea katika msitu ule mwisho wa juma, watoto wakiendesha baiskeli chini ya miti. Wanaopumzika humo wanapumzika kwa sababu kuna aliyetoa damu yake ili miti isikatwe. Mkristo anapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine wote. Pumziko letu kuu nalo lilinunuliwa na aliyejeruhiwa.

Tafakari: Ni nani aliye chini ya mkondo wako, anayepata madhara ya maamuzi yako bila kukujua?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Marko 6:31 pamoja na sura ya Tumaini la Vizazi Vyote inayoeleza mwaliko huo wa Yesu. Soma pia Isaya 58:6–14, uone jinsi nabii anavyoweka furaha ya Sabato na haki kwa aliyeonewa katika sura moja.

Swali letu la kwanza lilikuwa kama Mkristo anaweza kwenda msituni kutafuta nafuu. Biblia inajibu ndiyo bila kusitasita. Mungu aliyempa Eliya kivuli na usingizi haoni haya kumpa mfanyakazi wa Upanga upepo wa Pugu. Asiye na nauli ya Kisarawe anaweza kuketi Bustani ya Mimea, au kutembea ufukoni jioni, au kusimama kimya penye mikoko ya Salenda. Kiongozi wa kulipwa si lazima. Katika makanisa yetu wapo wazee waliokulia shamba, wanaojua mwarobaini, mkwaju na mvinje kwa jina na kwa matumizi. Sabato moja mwombeni mzee kama huyo awatangulie, awafundishe watoto majina ya miti. Mtoto anayejua jina la mti haukati ovyo.

Swali la pili lilikuwa juu ya deni. Aliyepokea pumziko anadaiwa shukrani, na anayestahili shukrani hiyo ni Muumbaji. Anadaiwa pia kulipitisha pumziko hilo mbele, kwa anayemfanyia kazi, kwa anayeishi bondeni, na kwa msitu wenyewe uliomhudumia. Tumeona kwamba mambo hayo hayatenganiki. Anayemshukuru Mungu kwa mti huku akiuchoma, au anayeitunza Sabato yake kwa jasho la mwingine, amepokea zawadi akamsahau aliyeitoa na wale aliowakusudia.

Ufunuo 22:1–2 inaimaliza Biblia kwa mto na mti vikiwa pamoja tena. Mto unatoka katika kiti cha enzi, na majani ya mti ni kwa ajili ya kuponya mataifa. Katika mji ule hakuna anayeishi chini ya mkondo kwa hofu. Mpaka siku ile, tunaishi kando ya Msimbazi.

Maswali ya Kujadili

1. Muumini mmoja anakataa kabisa matembezi ya msituni kwa sababu ya misitu ya matambiko ya kwao. Mwingine anasema msitu unamtosha, haoni haja ya kuja kanisani. Mtawasaidiaje wote wawili kwa kutumia 1 Wafalme 19 na Warumi 1?

2. Kundi lenu likipanga matembezi ya Sabato alasiri, ni mambo gani yafanywe Ijumaa ili mtu yeyote asifanye kazi kwa ajili yenu siku hiyo? Ni nani katika nyumba zenu ambaye hajawahi kualikwa?

3. Je, ni haki kumwambia mchoma mkaa aache kazi yake kama hatuna njia nyingine ya kumpa? Mnunuzi wa mjini ana wajibu gani kwake na kwa msitu?

4. Makambi ya mwaka ujao kanisani kwenu yatapikiwa nini? Jadilini gharama kwa uwazi, na amueni ni nani atakayelipeleka jambo hili kwenye baraza la kanisa.

5. Mtu akikuambia kwamba matembezi ya msituni yamemponya, utafurahije pamoja naye bila kutia chumvi, na bila kumvunja moyo mgonjwa mwingine aliyetembea asipone?